Hiace iliyobembelezwa hadi ikaanza kula oili

Gari ni Toyota Hiace ya abiria yenye injini ya 5L: dizeli ya silinda nne isiyo na tabo, cc 2,986. Injini ilishushwa, bloku ikachongwa, ikafungwa pistoni na ringi mpya za saizi ya 0.50, yaani nusu milimita juu ya kipenyo cha kawaida. Sasa imetembea kilometa 1,400 na inakula lita moja ya oili kila kilometa 500. Ikipanda mlima inaacha moshi wa buluu, na bomba lake la kupumulia linatoa mvuke mfululizo kama birika. Fundi anasema mwenye gari kaiendesha vibaya. Mwenye gari anasema kafuata kila alichoambiwa, na kwenye dashibodi bado upo utepe alioubandika fundi mwenyewe, umeandikwa kwa wino mzito: MWISHO 50.

Ushahidi uko upande wa mwenye gari. Alitii, na maagizo aliyoyatii ndiyo yaliyoiharibu injini.

Kisa tumekiunganisha kutokana na malalamiko yanayojirudia kwenye injini hizi, kwa hiyo gari hili halina namba wala gereji ya kutafutwa. Vipimo ni vya kawaida kwa 5L iliyo katika hali hiyo. Tumechukua injini iliyofungwa upya badala ya gari lililotoka kiwandani kwa sababu, kwa walio wengi wetu, hiyo ndiyo injini mpya tutakayowahi kukabidhiwa. Gari la kilometa sifuri tutalifikia baadaye, nalo lina nafuu zake.

Alivyoambiwa

Injini ilipofungwa iliwashwa jioni, ikaachwa silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, saa nne nzima "ijizoeze yenyewe". Asubuhi ikaunguruma tena saa mbili. Baada ya hapo agizo likawa kilometa 1,000 bila kuvuka kasi ya 50, bila abiria, na gia zibadilishwe mapema ili injini isilie. Thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, ilikuwa imeng'olewa na kutupwa, kwa hofu ya kawaida kwamba 5L ikichemsha hupasua hedi. Mwenye gari naye akaongeza upendo wake: akanunua oili ya sintetiki kamili 5W-30, ya bei kubwa kuliko zote dukani. Kwa kuwa gari halikuruhusiwa kubeba watu, likawa la mizunguko mifupi kati ya Mbagala na Kariakoo, nusu ya muda likiwa kwenye foleni.

Ukiyasikia haraka, yote haya ni utunzaji mtupu. Ili kuona kosa liko wapi inabidi kuingia ndani ya silinda.

Ringi inavyokaa

Wengi hudhani ringi ya pistoni huziba kwa sababu ya ukakamavu wake, kama springi inayojitanua. Ukakamavu huo ni mdogo sana. Unaweza kuibana ringi kwa vidole viwili. Kazi kubwa inafanywa na gesi. Mafuta yakiwaka juu ya pistoni, shinikizo linapenya kwenye mwanya mdogo ulio juu ya ringi ya kwanza, linaingia nyuma yake ndani ya mfereji, kisha linaisukuma nje kwa nguvu iushike ukuta wa silinda. Shinikizo likiwa kubwa, ringi inakaza. Likiwa dogo, ringi inaelea juu ya oili.

Ukuta wenyewe hautakiwi kuwa laini. Baada ya kuchongwa, silinda hupitishwa mawe ya kukwaruza yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, ili yaache mistari inayokatana kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60. Ukiitazama kwa tochi unaona kitu kama ukili uliosukwa vizuri. Mistari hiyo ina vilele na mabonde. Ringi mpya ikisukumwa kwa nguvu husaga vilele, na ringi yenyewe husagika kidogo, hadi nyuso mbili zikalingana. Mabonde yanabaki kutunza oili. Huko kusagana kwa makusudi ndiko kuzoeshana kwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inamalizika ndani ya saa chache za kwanza za kazi ya kweli, kilometa mia moja au mia mbili hivi. Kinachofuata ni kumalizia.

Sasa iweke injini hiyo silensa saa nne. Kwenye dizeli, mguu wa dereva hauamui hewa inayoingia, unaamua mafuta. Mguu ukiwa juu, nozeli inapuliza tone tu. Moto ni dhaifu, shinikizo nyuma ya ringi ni dogo, vilele havisagwi. Moto dhaifu pia hauchomi kila kitu: mabaki ya dizeli na oili yanabaki ukutani, yanapikwa taratibu, yanakuwa varnishi ya kahawia inayojaza mabonde. Mafundi husema silinda "zimekuwa kioo". Kioo kikishajitengeneza, ringi haina cha kusaga. Inateleza juu yake, gesi inapita chini kwenda kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inapita juu kwenda kuungua.

Wenye jenereta wanaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine. Jenereta kubwa ya dizeli ikiwashwa kila usiku kwa taa mbili na redio huanza kutema maji meusi ya mafuta kwenye bomba la moshi. Haikuchoshwa. Ilinyimwa kazi.

Kila kosa na uzito wake

Silensa ndiyo mama wa yote. Kama mwenye gari angeepuka hilo peke yake, huenda mengine yangesameheka.

Kilometa 1,000 za gari tupu kwa kasi ya 50 zinafuata kwa karibu. Angalia agizo hili lilivyo la ajabu: linazuia kasi, halisemi kitu kuhusu mzigo. Injini haijui kasi ya gari, inajua mizunguko yake na kazi inayobebeshwa. Kasi ya 50 kwenye gia ya tano huku gari likikokota miguu ni mbaya kwa beringi. Kasi ya 50 kwenye gia ya pili ni kelele. Na hiyo 50 yenyewe ina harufu ya kale. Miaka ya 1950 Uingereza magari mapya yalibandikwa kioo cha nyuma maandishi ya kuwaomba wengine wapite kwa sababu injini ilikuwa ikizoeshwa, na mwendo uliozoeleka kuagizwa ulikuwa maili 30 kwa saa, yaani kilometa 48. Kwa injini za wakati ule, zenye uchongaji wa wakati ule na oili ya wakati ule, agizo lilikuwa na akili. Injini zimebadilika, namba ikabaki midomoni.

Thamostati. Thamostati ya injini hii ni ya nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na gari tupu linaweza kukaa asubuhi nzima bila kuvuka nyuzi 60. Pistoni ya alumini haijatanuka kufikia umbo lake la kazi, dizeli inaganda ukutani na kuosha oili, kisha inashuka kuizimua ile iliyo kwenye karta. Hofu ya kupasua hedi ni ya haki, ila dawa yake ni rejeta safi, kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo na feni inayofanya kazi. Kutoa thamostati ni kumvua mtoto shuka kwa kuogopa atatokwa jasho.

Oili ya sintetiki tunaiweka mwisho, ingawa mitaani huwa inalaumiwa kwanza. Si sumu. Viwanda kadhaa hutoa magari mapya yakiwa na oili ya sintetiki tayari, na ringi zinakaa bila shida, kwa sababu kiwandani vilele vya ukuta vimeshakatwa kwa hatua ya pili ya mawe laini kabla injini haijafungwa. Kwenye silinda iliyokwaruzwa kwa mkono karakana ya mtaani hali ni tofauti: kuna kazi kubwa ya kusaga iliyobaki, na oili yenye utelezi wa hali ya juu inaichelewesha. Kwa injini ya namna hii tumia oili ya kawaida ya madini, SAE 15W-40 ya daraja la dizeli, hadi ringi zikae. Hizo fedha za sintetiki ziweke kwa filta.

Kupima kabla ya kushika spana

Injini inayokula oili hushawishi fundi kufungua hedi siku hiyo hiyo. Tulia. Kuna vipimo vinavyochukua nusu siku na vinaokoa gasketi.

Kwanza kinachovuja nje: sili ya mbele na ya nyuma ya krenki, gasketi ya kifuniko cha valvu, kitako cha filta. Lita moja kwa kilometa 500 inaweza kuwa inadondoka barabarani. Futa injini, weka boksi lililokunjuliwa chini usiku kucha. Hapa palikuwa pakavu.

Kisha kifuniko cha kujazia oili. Injini ikiwa ya moto na ikiunguruma, kifungue, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kwenye injini nzima kinatikisika kidogo na kukaa. Hapa kilirukaruka na kuanguka, na mvuke ukafuata. Gesi inapita kwenye ringi.

Moshi nao unasomeka. Ukitoka buluu mfululizo gari likivuta mzigo, elekea kwenye ringi. Ukitoka wingu moja baada ya kushuka mlima mrefu na mguu juu, halafu ukaisha, elekea kwenye sili za valvu. Tahadhari tu kwamba kipimo hiki cha pili kinasema zaidi kwenye petroli, ambako kipepeo cha hewa kikifungwa kinaleta mvuto mkali. Dizeli ya namna hii haivuti kiasi hicho, kwa hiyo usiziachie sili huru kwa sababu tu wingu halikutokea.

Mwisho kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, ploki zote nne za kupashia zitolewe, waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu uchomolewe ili dizeli isiingie, betri iwe imejaa. Starta ikizungusha kivivu, namba zote ni uongo. Geji inafungwa kwenye tundu la ploki. 5L nzima inatoa kilo 32 hivi kwa sentimita ya mraba, kikomo cha chini ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Gari hili lilitoa 23, 24, 22 na 23.

Zitazame namba hizo kwa makini, maana ndizo zinazoamua kesi. Kwa kikomo cha kitabu injini imefaulu. Fundi anaweza kukuonyesha 22 na kukuambia "iko juu ya 20, nenda". Lakini kikomo hicho ni cha injini inayozeeka. Hii ina ringi za mwezi mmodi. Pia zote nne zimeshuka kwa pamoja. Ringi iliyovunjika, valvu isiyokaa au pistoni iliyokwama hushusha silinda moja. Zikishuka zote sawasawa kwenye injini mpya, tafuta jambo lililozipata zote sawasawa, yaani namna ilivyoendeshwa.

Nozeli tulizipeleka kwenye mashine ya kupimia ili kuondoa shaka. Nozeli inayokojoa badala ya kupuliza huosha ukuta wa silinda yake, na ingeweza kuleta sura hiyo hiyo kwenye silinda moja. Zote zilikuwa sawa. Bomba la hewa na filta vilikuwa vizima, bila njia ya vumbi.

Jaribio la kuokoa bila kufungua

Kabla ya kioo kukomaa, kuna nafasi ya kukivunja kwa kazi. Thamostati ikarudishwa, sintetiki ikamwagwa, ikaingia 15W-40 ya madini na filta mpya. Gari likapakiwa mifuko kumi ya saruji, kilo 500, likapelekwa barabara ya Morogoro alfajiri kabla ya foleni: Ubungo kupanda Kimara, kisha Kibaha, Mlandizi hadi Chalinze na kurudi. Mvuto mrefu kwenye gia ya tatu na ya nne, mguu chini robo tatu, kisha kuachia.

Baada ya kilometa 400 ulaji wa oili ulishuka hadi lita moja kwa kilometa 700, ukagoma hapo. Toyota katika vitabu vyake vya dereva hukubali hadi lita moja kwa kilometa 1,000, na injini iliyofungwa jana inapaswa kuwa mbali chini ya hapo. Jaribio hili hufaulu mara nyingi likifanywa ndani ya kilometa mia chache za mwanzo. Kwa kilometa 1,400 lilichelewa. Hata hivyo lilistahili kufanywa, gharama yake ikiwa oili na dizeli tu.

Kilichokutwa ndani

Hedi ilipoinuliwa silinda ziling'aa. Ungeweza kujiona uso ndani yake, wenye rangi ya chai ya rangi. Mistari ya msalaba ilikuwepo bado ukiinamisha tochi, ila ukipitisha ukucha haukukwaruzika popote; mabonde yalikuwa yamejaa. Ringi ya juu ya pistoni ya pili ndiyo ilieleza kila kitu. Ringi iliyokaa huwa na ukanda unaong'aa kuzunguka uso wake wote. Hii ilikuwa inang'aa vipande vipande, kama robo tatu ya duara, na sehemu zilizobaki zilikuwa na rangi yake ya kiwandani ya kijivu. Kilometa 1,400, na sehemu ya uso huo ilikuwa haijaugusa ukuta.

Kipenyo cha silinda kilipimwa juu, kati na chini, kwa pande mbili. Saizi ya kawaida ya 5L ni milimita 99.5, kwa hiyo hizi zilichongwa kuwa 100.0, na hakukuwa na ulaji wa kupimika. Hiyo ndiyo habari njema pekee ya kisa hiki: ringi ambazo hazikukaa hazikula chuma. Pistoni zinarudi, bloku hairudi kuchongwa. Kinachohitajika ni seti ya ringi za 0.50, gasketi, na kukwaruza upya.

Kufunga mara ya pili

Mawe ya namba 220 yanatosha kwa ringi za kawaida. Drili iende polepole na mkono upande na kushuka haraka. Watu wengi hufanya kinyume, wakapata mistari iliyolala kama ya parafujo, na mistari iliyolala haishushi oili. Mapigo kumi na tano hadi ishirini kwa silinda, mafuta mepesi yakimiminika, kisha tazama. Unatafuta rangi moja ya kijivu kisichong'aa kutoka juu hadi chini. Ukiona bado kuna kiraka kinachometa, rudia.

Kuosha ndiko kunakoharibiwa zaidi kuliko hatua yoyote. Gereji nyingi hufuta silinda kwa petroli na tambara, zikaridhika. Petroli inaondoa grisi na kuacha unga wa mawe ndani ya mabonde, na unga huo ndio uliotengenezwa kwa kazi ya kusaga chuma. Utasaga ringi, ukimaliza utashukia beringi. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, sugua, suuza, rudia. Halafu chukua kitambaa cheupe kilicholowa oili safi, kipitishe ndani ya silinda, kitazame. Kikitoka na kijivu, bado. Tambara la tatu au la nne ndilo hutoka jeupe. Paka oili pale pale, maana chuma kilichooshwa namna hiyo kinaanza kutu ndani ya dakika chache.

Kila ringi iingizwe kwanza ndani ya silinda yake peke yake, isukumwe na kichwa cha pistoni ikae mlalo, na mwanya wa ncha zake upimwe kwa fila geji, vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi. Kanuni ya haraka kwa ringi ya juu ni milimita 0.4 kwa kipenyo cha milimita 100. Kitabu cha injini kina neno la mwisho. Mwanya ukiwa mdogo mno ncha zitagongana injini ikipata moto na ringi itavunjika. Alama ya ringi itazame juu, na mianya ya ringi isifuatane kwenye mstari mmoja. Gasketi ya hedi ya injini hizi huja kwa unene tofauti, kwa hiyo pima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku ndipo uende dukani. Thamostati irudi mahali pake. Na iwe mpya.

Kuwasha

Filta ijazwe oili kabla ya kufungwa. Waya wa solenoidi ya pampu ubaki umechomolewa, starta izungushwe sekunde kumi, ipumzike, izungushwe tena, hadi taa ya oili izimike. Hapo ndipo waya unarudishwa na injini inawashwa.

Ikiwaka, isiachwe silensa. Ipandishwe mara moja kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000, ikibadilishwabadilishwa, kwa dakika kumi na tano hivi. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, na vikombe vyake vinahitaji oili kwa wingi, na kwenye silensa pampu ya oili inasukuma kidogo. Muda huo ni wa kutafuta kinachovuja, kusikiliza, na kutazama joto la maji likipanda hadi thamostati ifunguke. Bomba la juu la rejeta litakuambia: linakuwa vuguvugu, kisha ghafla la moto. Zima, ongeza maji na oili ilipopungua, nenda barabarani siku hiyo hiyo. Kama barabara haipo tayari siku hiyo, usiwashe. Injini iliyofungwa inaweza kusubiri Jumamosi.

Hiace nyingi za zamani hazina mshale wa mizunguko, kwa hiyo maelekezo yatolewe kwa gia. Gia ya tatu: kutoka kasi ya 35 kanyaga robo tatu hadi 60, kisha ondoa mguu kabisa, liache gari lirudi 35 lenyewe bila breki. Mara kumi na mbili. Gia ya nne: kutoka 50 hadi 80, vivyo hivyo. Kukanyaga kunakaza ringi, kuachia kunaruhusu oili isombe unga wa chuma. Petroli hufaidika zaidi na sehemu ya pili, kwa ule mvuto tuliousema. Kati ya mizunguko hiyo endesha kawaida dakika chache ili joto lisambae.

Oili ya kwanza imwagwe kwenye kilometa 100. Ipitishe kwenye sumaku na uone ndevu za kijivu zinazojikusanya. Hivyo ndivyo vile vilele. Oili na filta tena kwenye 500, tena kwenye 1,000, ndipo ratiba ya kawaida ianze. Nusu mzigo kuanzia kilometa 200. Mzigo kamili na milima ya aina ya Kitonga isubiri 1,000. Kati ya hapo yako makatazo mawili tu yenye uzito: usikokote injini kwenye gia kubwa ikitetemeka, na usikae kwenye mwendo mmoja zaidi ya dakika kumi.

Gari hili, kilometa 1,000 baada ya kufungwa mara ya pili, lilisoma kompresheni ya 29, 30, 29 na 30. Oili ilipungua robo lita kwa safari yote hiyo, na kifuniko kikigeuzwa juu ya tundu kinakaa.

Na gari la kiwandani?

Kwa gari jipya kabisa mengi ya haya yamefanywa kabla hujapewa ufunguo. Usifanye ile mizunguko kumi na miwili ya kukanyaga na kuachia, fuata kitabu cha gari. Toyota husema kwenye vitabu vyake vingi: epuka breki za ghafla kwa kilometa 300 za kwanza, usivute tela kwa 800, na kwa 1,000 usiende kasi ya kupindukia, usikanyage kwa ghafla, usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ukilinganisha utaona hilo la mwisho ndilo lile lile. Ukilitoa gari Dar es Salaam kwenda Mbeya, vibao vya 50 vya kila kijiji vinakufanyia nusu ya kazi. Ukisogea nje ya kijiji na kupanda mwendo taratibu umeshatimiza agizo. Uzime udhibiti wa mwendo wa kiotomatiki.

Oili ya kiwandani ni suala la kila kampuni. Honda huagiza isimwagwe kabla ya muda wake. BMW kwa magari yake ya M, yale ya kasi, hutaka oili ibadilishwe kwenye kilometa 2,000 na inakataza kupita mizunguko 5,500 kabla ya hapo. Mshauri yeyote anayekupa jibu moja kwa magari yote hajafungua kitabu hata kimoja.

Nani alipe

Limebaki suala la fedha, lililozua ugomvi tangu mwanzo. Ringi, gasketi, oili na kazi ya siku tatu. Kwa vipimo tulivyoviona, bloku ilichongwa sawa na pistoni zilifungwa sawa. Kazi ya mikono ya fundi haina doa. Kilichoharibu ni saa sita za silensa, thamostati iliyotupwa na utepe wa dashibodi, na vyote vitatu vilitoka gereji. Sintetiki ilitoka kwa mwenye gari, ila hakuna aliyemwambia asiitumie. Mgawanyo wa haki ni gereji kubeba ufundi na gasketi, mwenye gari abebe ringi na oili. Maelekezo ya safari hii yaandikwe nyuma ya risiti, kwa gia na kwa kilometa, na pande zote mbili zitie sahihi kabla gari halijatoka getini.